Hatua Nilizoziwekea Akiba

Vijana, kabla hamjanicheka, jueni kwamba jambo hili nililiamini nikiwa mtu mzima mwenye mke, ndevu na kitambulisho cha kazi. Niliamini kwamba kila binadamu huzaliwa na hatua zake maalumu. Zimepimwa tangu tumboni, zimepangwa miguuni kama magunia ya mahindi ghalani. Ukizitembea ovyo ujanani, basi uzeeni utaamka asubuhi moja, utashusha mguu kutoka kitandani, na mguu utakujibu: bwana mkubwa, zimekwisha.

Aliyenipa elimu hiyo ni Mzee Pazi, nyapara wetu wa kwanza katika gengi la reli, siku zile nilipoajiriwa kutembea njiani na kuikagua. Mzee Pazi alikuwa Mzaramo wa pwani, mrefu kama nguzo ya simu, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha treni bila bendera. Alinitazama nikirusha miguu yangu ya ujana juu ya mataruma, yale mapande yaliyolazwa chini ya reli, akatikisa kichwa kwa masikitiko ambayo hata msibani sijapata kuyaona.

"We Mnyamwezi, unajua babu zako walikuwa wanafanya kazi gani?"

"Walikuwa wapagazi, mzee."

"Walibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka kwetu pwani. Wakarudi na nguo na shanga. Wakaenda tena. Hatua za ukoo mzima wakazimalizia njiani. Wewe umerithi makombo, mwanangu. Makombo! Na hayo makombo yenyewe ndiyo unayoyatawanya hivi? Haya. Uzeeni utakuja kuniambia."

Reli yetu imelala jirani kabisa na njia ile ya misafara. Basi toka siku hiyo kila nilipopita nilikuwa kama nawaona wazee wangu pembeni ya tuta, wamekaa na mizigo yao, hatua zimewaishia, wananipungia mkono: punguza mwendo, mjukuu.

Mtaniuliza, mbona hukujua kwamba anakutania? Wazaramo na Wanyamwezi si ni watani tangu enzi za misafara hiyo hiyo? Ni kweli. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unacheka kwanza, halafu ndiyo unageuka kutazama moshi. Lakini utani niliokuwa naujua mimi ulikuwa wa msibani na harusini, wa kuchukuliana kofia na kutukanana mbele ya wakwe. Utani wa kazini, unaosemwa na mkubwa wako asiyecheka, ameshika nyundo mkononi, huo sikuwa nimefundishwa.

Siku hiyo ya kwanza tuliajiriwa wawili katika gengi lile: mimi na Kalunde, mwanamke wa rika langu, binti wa wakulima wa Ntalikwa, mwimbaji wa kwaya ya Wamoravian mwenye sauti nzito kuliko yangu. Watu walidhani atadumu juma moja. Alidumu mpaka tulipostaafu pamoja, na hadi leo hajaniacha nimalize hadithi hii kwa namna inayonipendeza mimi.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, maana wengine mnaona reli ni vyuma viwili vimelala. Mkagua reli hutoka kambini alfajiri na nyundo, spana, bendera zake na begi la fataki. Hutembea kipande chake chote, anatazama vifungo, anatazama kokoto, anagonga hapa na pale. Reli nzima inalia kama kengele ya kanisa. Reli yenye ufa inalia kama sufuria. Na mataruma, wanangu, yalipangwa na mtu mwenye chuki na miguu ya binadamu. Ukikanyaga kila taruma, unatembea kama bibi harusi. Ukiruka moja, unatembea kama mbuni. Kalunde aligundua mapema kwamba pembeni, pale kokoto zinapoishia, kuna ukingo mwembamba wa udongo. Alitembea hapo kwa hatua fupifupi, macho relini, huku akiimba nyimbo za kwaya polepole. Mimi nilikuwa kati ya reli, naruka kama mbuni, nafika nimemaliza kipande wakati yeye hajafika nusu.

Ndipo Mzee Pazi alipokuja na habari zake za hatua.

Nilizipunguza kidogo, si sana, maana kazi ilinilazimu kutembea. Lakini moyoni nilishaanza kuweka akiba. Nikajiandikisha masomo ya jioni pale mjini, na nia yangu kubwa ya kusoma haikuwa Kiingereza wala hesabu. Ilikuwa kupata cheo cha kukaa. Nilisoma mpaka mwalimu akaomba tupumzike. Nilifaulu kwa kishindo (mke wangu anasema nilifaulu tu, hakuna kishindo). Miaka ikapita, Mzee Pazi akastaafu, na mimi nikawa nyapara. Nyapara hupewa kiberenge.

Vijana, kiberenge! Kile kigari cha injini kinachotembea relini, unakaa juu yake kama chifu, upepo unakupiga usoni, miombo inakimbia nyuma. Toka siku ile sikutembea tena. Choo cha kambini kilikuwa hatua chache kutoka ofisini, nami nilikunywa maji kwa kijiko ili nisiende mara nyingi. Nilituma watu dukani. Nilituma watu kuniletea kitu kilichokuwa kwenye meza ya pili. Nyumbani, mtaa wa Ng'ambo, mke wangu akiniita chumbani namjibu, "Njoo wewe." Chakula kilinifuata nilipo: chipsi mayai, soda ya baridi, nyama iliyokaangwa mpaka inalia, na chumvi naimwaga kabla hata sijaonja. Tumbo likaanza kutangulia. Watu walinisifu, "Bosi, umependeza, cheo kimekukubali." Waliniita Kiberenge, nami nikaitika.

Kalunde hakusifu.

"Shemeji," aliniambia siku moja, maana aliniita shemeji akitaka kunichokoza, "hilo tumbo utalikatia tiketi yake, au linasafiri bure?"

"Nyie endeleeni kuzimaliza," nikamjibu.

"Kuzimaliza nini?"

"Utajua uzeeni."

Yeye alikuwa akifungua kitambaa chake cha matobolwa na karanga. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, chakula cha babu zetu wa misafara, ndicho alichokula njiani miaka yote. Dumu lake la maji lilikuwa mgongoni, na alikunywa kabla ya kiu. Jioni ugali wa mtama na nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde, kisha saa za mapema analala. Kama hiyo ni siri, basi ilikuwa siri ya wazi kama nyuzi za nguo iliyotoboka, na mimi ninayeisimulia leo niliipita kwenye kiberenge kila asubuhi, nikimpungia mkono.

Mzee Pazi alifariki hapa hapa Tabora, maana pwani alikuwa ameshaisahau. Siku ya maziko, kama desturi ya watani, Wanyamwezi tulizuia jeneza. Mimi nililala njiani mbele yake nikapiga kelele, "Hapiti mtu hapa mpaka Mzaramo huyu anirudishie hatua zote alizonitembeza!" Watu walicheka mpaka sheikh akageuka pembeni. Walidhani ni utani. Mimi sikuwa natania.

Sasa nije kwenye siku ile, maana najua wengine mmeshachungulia simu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Si mvua ya kawaida. Ilikuwa kana kwamba Ziwa Tanganyika limechoka kukaa Kigoma likaamua kuhamia kwetu. Kiberenge changu kilikuwa karakana, injini imefunguliwa. Mkaguzi aliyefanya kazi pamoja na Kalunde alikuwa hoi kwa malaria. Watu wengine wa gengi walikuwa wamepelekwa upande wa mashariki tangu jana yake. Pale kambini tulibaki wawili, na treni ya abiria kutoka Kigoma ilikuwa njiani kuja Tabora. Kwa sababu ya mvua ilikuwa imechelewa, na asubuhi ile hakuna aliyejua kwa uhakika imefika wapi.

"Bosi, bondeni lazima pakaguliwe," Kalunde akasema. "Mimi peke yangu siwezi kwenda na kuleta habari kwa wakati mmoja."

Nikavaa mabuti. Yalikuwa magumu kama sanduku, kwa kuwa hayakuwa yametumika. Tukatoka kuelekea magharibi, treni inakotokea. Nilitembea kidogo nikaanza kuhema, nikamwambia nasimama kusikiliza reli. Nilisikiliza reli mara nyingi sana njiani.

Tulipofika bondeni, Kalunde aliyekuwa mbele alisimama ghafla, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama mama anavyomzuia mtoto barabarani.

Kalvati halikuwepo.

Maji yalikuwa yamelibeba daraja hilo dogo la chini ya reli pamoja na tuta lote. Palipokuwa na udongo palikuwa na shimo lenye maji ya kahawia yanayozunguka, na juu yake reli zetu mbili zinaning'inia hewani, mataruma yamezishikilia kama ngazi iliyolazwa. Ukitazama haraka ungeona reli ipo. Hilo ndilo lililonitisha. Dereva wa treni naye angeona reli ipo, na tena asingeiona mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu ng'ambo ya shimo reli inapinda na kuzama ndani ya miombo.

Nikatoa simu. Picha ya mjukuu wangu ilionekana vizuri. Mtandao haukuonekana.

Kanuni ya hali kama ile ni moja: ilinde treni kwanza, mengine baadaye. Kulinda ni kwenda mbali na hatari, kuelekea treni inakotoka, na kuweka fataki. Fataki ya reli ni kitu bapa kama kopo la dawa ya viatu. Unaibana juu ya reli kwa mikia yake ya bati, gurudumu likiikanyaga inalipuka, na dereva hata kama anasinzia anajua mbele kuna jambo. Lakini lazima iwe mbali. Treni haisimami kama baiskeli. Ile treni ilibidi ishtuliwe kabla ya kona, tena mbali kabla ya kona. Na upande wetu wa nyuma nao ulihitaji kulindwa, kwa maana treni ya mizigo ingeweza kutokea Tabora wakati wowote.

"Mimi nivuke," Kalunde akasema. "Wewe linda huku, ni karibu."

"Nyapara ni nani?"

"Bosi, kule ni mbali."

"Nimekuuliza, nyapara ni nani?"

Akanitazama. Nami nataka mjue nilikuwa nafikiri nini, maana haikuwa kiburi cha cheo peke yake. Nilikuwa na furaha! Ndani ya hofu ile yote kulikuwa na furaha. Miaka yote ile nilikuwa nimekaa juu ya kiberenge, nimekaa ofisini, nimekaa Ng'ambo kibarazani, natunza hatua zangu. Wenzangu walikuwa wamezichezea. Leo ndiyo siku ghala linafunguliwa. Leo nitakimbia kama sijawahi kukimbia, na hawa watu ndani ya treni, akina mama na vikapu vyao vya dagaa, watoto waliolaliana kwenye mabenchi, wataokolewa na mtu mwenye busara ya kuweka akiba.

"Usihofu," nikamwambia. "Miguu yangu ina akiba."

"Ina nini?"

Tukagawana fataki. Nikavaa begi shingoni, nikapiga magoti, nikaanza kutambaa juu ya ile ngazi ya mataruma. Chini yangu maji yalikuwa yanang'uruma. Katikati reli ilishuka kidogo kwa uzito wangu, ikatoa sauti kama mlango mzee, nikamkumbuka kila kuku niliyepata kumla. Nilifika ng'ambo. Nikageuka. Kalunde alikuwa ameshaondoka, namwona mgongo tu, anakwenda kwa zile hatua zake fupi upande wa Tabora.

Nikasimama nikaanza kukimbia.

Mwanzo ulikuwa mzuri, sitawadanganya. Niliruka taruma moja moja kama zamani, mbuni amerudi. Kisha kifua kikabana. Nikasema, hiyo ni kutu, itatoka. Kisha mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe, kama nyama ya ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi. Goti la kulia likalia kama kijiti kinachovunjika. Nikaendelea nikichechemea. Kona bado ilikuwa mbele, miti imesimama pale pale, kana kwamba kila ninaposogea inasogezwa nyuma. Nikaanguka. Nikaamka. Nikaenda kidogo, nikaanguka tena, na safari hii miguu ilikataa. Niliiamuru. Niliibembeleza. Nilishika goti kwa mikono miwili nikaliinua kama mtu anayeinua gunia, nikaliweka mbele, likakunjika.

Nikaweka kiganja juu ya reli. Mtakaokuja kufanya kazi hii, kumbukeni: reli inajua kabla ya sikio. Chuma kilikuwa kinatetemeka. Kidogo tu, kama nyuki walio mbali ndani ya mzinga.

Treni ilikuwa inakuja.

Sikuwa mbali vya kutosha. Fataki ningezibana pale pale nilipo, zingelipuka, dereva angefunga breki, na treni ingeteleza ikipita juu ya mwili wangu mpaka shimoni. Nikatambaa. Kokoto zilinichana viganja. Nilikuwa naomba dua zote, za kwetu na za jirani. Nilitambaa huku nahesabu watu: yule mama wa dagaa ambaye sikupata kumwona, wale watoto, gadi, yule msimamizi wa treni, aliyenidai soda tangu Pasaka.

Nikasikia kokoto zinalia nyuma yangu.

Kalunde alikuwa amelowa jasho mpaka shingoni. Alikuwa ameweka fataki upande wa Tabora, amesimika bendera juu ya kijiti, amerudi, amevuka ile ngazi, na sasa anakuja pembeni ya tuta kwenye ule ukingo wake wa udongo, hatua fupifupi, mdomo umefungwa, anavuta pumzi kwa pua. Rika langu, vijana. Tulizaliwa masika moja.

"Leta begi!"

"Bado naweza..."

"Leta begi, Kiberenge!"

Alilivuta shingoni kwangu bila kusimama. Akapita. Hakukimbia kama wanariadha wa kwenye televisheni. Alikimbia kama mtu anayewahi shamba kabla jua halijawaka, mwendo mmoja, hauongezeki, haupungui. Nikamtazama mgongo unavyopungua, ukafika kwenye kona, miti ikaumeza.

Halafu kimya.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mkono wangu ulikuwa juu ya reli na nyuki walikuwa wanakaribia. Sikuweza kumwona wala kumsikia. Nikawaza: amewahi, hajawahi. Ameanguka. Fataki zimelowa. Nikavua kizibao changu cha njano cha kazini nikakishika juu kwa mikono miwili, nimekaa kitako katikati ya reli, kwa maana kusimama sikuweza.

Honi ikalia nyuma ya miti. Ndefu.

Kisha mlipuko. Kisha wa pili. Kisha wa tatu, na papo hapo ile sauti ya magurudumu yanayofungwa, chuma juu ya chuma, inayokuingia kwenye meno. Kichwa cha treni kikatokeza kwenye kona bado kinatembea. Kilikuja. Kilizidi kuja. Nilipunga kizibao nikipiga kelele maneno ambayo hayaandikiki. Dereva alichungulia dirishani akapaza sauti:

"Mzee, toka relini!"

"Siwezi!"

"Toka nakwambia!"

"Na mimi nakwambia siwezi!"

Nikajiviringisha, ndivyo nilivyotoka, kama pipa, mpaka chini ya tuta kwenye majani. Treni ilijikokota, ikalia, ikapumua, ikasimama. Nilipoinua kichwa, kati ya injini ile na shimo palikuwa bado na nafasi. Mke wangu akiwa hayupo huwa nasema nafasi yenyewe ingetosha kuku mmoja kulala. Kusema kweli ilikuwa kubwa kuliko hapo, lakini si sana.

Madirisha yakafunguka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanitazama kule majanini.

"Baba, umegongwa?"

"Hapana, mwanangu. Nimechoka."

Akanirushia chupa ya maji. Nikainywa yote bila kijiko.

Nikatize hapa kidogo niseme yaliyofuata, ili mnaotaka faida muipate kabla ya mwisho. Hospitalini daktari alinipima presha, akanipima tena kwa kutoiamini mashine. Akanipima sukari, akaniambia nimesimama mlangoni, bado sijaingia. Mtaalamu wa viungo, kijana wa kutoka Dar, akasema, "Mzee wangu, hii misuli imelala fofofo." Ilinichukua muda mrefu kuiamsha, na goti moja halikuamka kabisa, sasa linatabiri mvua. Leo kila asubuhi natoka Ng'ambo kwa miguu hadi Kanyenye kununua mchicha ambao unauzwa mlangoni kwangu, na wauza mchicha wa mlangoni wamenichukia. Chumvi mke wangu ameificha, na najua alikoificha lakini ni juu ya kabati, na nimeamua hiyo isiwe sehemu ya mazoezi. Nimepata nafuu. Lakini nilianza nikiwa babu, na mtu anayeanza akiwa babu anarudishiwa kidogo. Kalunde alianza akiwa na umri wenu, bila kujua kwamba anaanza. Bado analima Ntalikwa. Bado anachuchumaa na kusimama bila kushika kitu, nami nikimwona nageuka upande kwa wivu. Nyie mnaoagiza chakula kwa simu kutoka duka mnaloliona dirishani, mimi nawajua. Mimi ndiye nyie.

Basi, siku ile. Dereva na gadi walikuwa wameshuka kwenda kulitazama shimo, wakarudi. Mimi nilikuwa nimekokotwa nikaketishwa juu ya tuta. Kalunde akaja akitembea kando ya mabehewa kutoka nyuma, begi tupu begani, abiria wanampungia mikono na yeye anawajibu kwa kichwa. Akafika akakaa juu ya reli karibu nami. Alikuwa anahema, lakini ni kuhema kwa mtu atakayeacha kuhema.

Kisha akasema, "Ulisema miguu yako ina akiba. Akiba gani?"

Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza maishani nilimweleza mtu: hatua zilizopimwa, wapagazi, makombo, ghala, miaka yote ya kiberenge. Nilivyokuwa nikiendelea ndivyo macho yake yalivyozidi kufunguka.

"Nani kakwambia hayo?"

"Mzee Pazi."

Alicheka mpaka akashika reli kwa mikono miwili. Dereva akageuka kutazama kama tumepata wazimu.

"Mzee Pazi!" akasema akifuta macho kwa kanga iliyolowa. "Mimi aliniambia nikikaa sana njiani nitaota ndevu."

"Ukaamini?"

"Nilikwenda kumwuliza mama. Wewe ulimwuliza nani?"

Sikuwa nimemwuliza mtu. Kicheko kikamwisha taratibu, akanitazama usoni, kisha magotini, na aliponena tena hakukuwa na utani wowote katika sauti yake.

"Ulikuwa unakimbia," akasema. "Kila siku unaruka mataruma, unapita vifungo vilivyolegea huvioni, na Mzee Pazi anakuja nyuma yako anavikaza, magoti yanamuuma. Hakuna mtu aliyepimiwa hatua. Alitaka tu utembee polepole."